Hukumu ya Kamari na Kuuza Mchezo katika Mashindano ya Kompyuta

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Somo hili ni katika jambo ambalo wanafunzi wetu wakubwa wameliuliza zaidi ya mara moja, nami naliona lastahili kuandikwa kuliko kujibiwa kwa neno la mdomo baada ya sala ya Alasiri. Wauliza: hawa vijana wa nchi za mbali wachezao michezo ya kompyuta kwa mshahara, na watu wakaweka fedha juu ya kushinda kwao na kushindwa kwao, hukumu yao ni ipi? Na huyu wa kwetu, aliyeketi barazani na simu yake, akaweka shilingi mia juu ya timu asiyoujua hata mji wake, naye asema: Mimi sikumdhulumu mtu, sikuiba, sikudanganya, nimeweka fedha yangu tu. Je, huyu ana udhuru?

Jawabu fupi ni kuwa hana. Lakini jawabu fupi halimfai mtu ambaye amekwisha kulisikia katika khutba mara kumi, na simu bado i mkononi mwake. Kwa hiyo nataka tulitazame jambo lenyewe, namna linavyoendeshwa na watu walioponzwa nalo, kisha tuone fedha ya huyu wa barazani yasafiri vipi mpaka ikawa ni bei ya khiyana ya mtu mwingine aliye ng'ambo ya bahari.

MCHEZO WENYEWE

Wanavyuoni wetu wametufunza kuwa mtu hahukumu kitu illa baada ya kukifahamu. Basi wajue wazee wetu kuwa michezo ninayoitaja hapa si ile ya mtoto kujipumbaza nayo akingoja chakula. Katika Korea ya Kusini mchezo uitwao StarCraft, uliotoka mwaka 1998, uligeuka kuwa kazi ya watu. Mchezaji mmoja hukabiliana na mwenziwe, kila mmoja na jeshi lake ndani ya kioo cha kompyuta. Hujenga, huchimba, hutuma askari, huvizia. Mwenye kujua sataranji atafahamu upesi: ni kama sataranji isiyo na kungojana zamu, na kete za mwenzio huzioni mpaka upeleke mpelelezi. Mwaka 2000 kikaundwa chama cha kuusimamia, jina lake KeSPA. Makampuni makubwa yakaajiri timu, vijana wakakaa nyumba moja, wakacheza mchana kutwa na sehemu ya usiku, wakalipwa mshahara, na zikawako televisheni ambazo kazi yake ni kuonyesha michezo hiyo.

Baadaye ikaja mingine ikaenea dunia nzima, kama Counter-Strike na Dota 2, ambayo huchezwa na watu watano kwa watano. Zawadi zake leo si kidogo. Mashindano yaliyofanywa Riyadh katika mwaka 2024, yaliyoitwa Kombe la Dunia la michezo hii, zawadi zake kwa jumla zilipita dola milioni 60. Basi asidhani mtu kuwa twazungumza habari za watoto, wala za makafiri peke yao.

KHABARI ZA WALIOUZA MCHEZO

Kuuza mchezo maana yake ni mchezaji kupewa fedha ili ashindwe kusudi, au afanye jambo fulani ndani ya mchezo kwa saa fulani, ili aliyempa fedha apate kuweka dau juu ya jambo hilo ilhali alijua kabla ya watu.

Huenda msomaji akaniona natangaza aibu za watu. Nitawataja wale waliohukumiwa na mahakama, au waliotangazwa hadharani kwa kitendo chao, tena kwa ajili ya kuonya. Na kuonya ni katika yale mambo sita ambayo Imamu Nawawi ameyahesabu katika Riyadhu s-Salihin kuwa yaruhusu kumtaja mtu kwa asichokipenda. Wengine nimewaacha bila ya majina.

Wa kwanza ni Ma Jae-yoon wa Korea. Katika miaka ya 2006 na 2007 alikuwa bingwa wa StarCraft mwenye kuogopwa na wote, akatwaa ubingwa mara kadhaa, na vijana wakajifunza kwa kutazama michezo yake. Mwezi wa Mei 2010 waendesha mashtaka wakatangaza kuwa yeye alikuwa miongoni mwa madalali: apokea fedha kwa wenye kuendesha kamari zisizo na idhini, kisha huwapa wachezaji wenziwe sehemu ya fedha hizo ili washindwe. Mahakama ikamhukumu kifungo cha mwaka mmoja, kikaahirishwa kwa miaka 2, na juu yake saa 120 za kuwatumikia watu bila ya ujira. Chama cha KeSPA kikawafukuza wachezaji 11 maisha. Zingatieni kuwa huyu hakuwa mchezaji dhaifu aliyekosa riziki. Alikuwa ni yule ambaye wengine walitamani kuwa kama yeye, na kwa sababu hiyo maneno yake kwa vijana wenziwe yalikuwa na uzito kuliko ya dalali wa njiani.

Wa pili nitamtaja kwa udogo wa fedha yake. Mrusi mmoja, Alexey Berezin, aitwaye mchezoni Solo, alikuwa katika timu ya Dota 2. Mwaka 2013 timu yake ilipokuwa na mchezo katika ligi ya StarLadder, aliweka dola 100 juu ya wapinzani wake, yaani juu ya kushindwa kwake mwenyewe. Lau ingalipita salama angalipata dola 322. Haikupita. Akafungiwa maisha, kisha adhabu ikapunguzwa ikawa ya mwaka. Akacheza tena, akashinda mashindano makubwa, lakini mpaka leo katika mchezo huo mtu akicheza vibaya huandikiwa hesabu hiyo, 322, na hata asiyemjua Solo huijua hesabu. Dola 322! Nimeandika alama ya mshangao kwa kuwa sikuona njia nyingine ya kuipima biashara hii.

Khabari ya tatu ni ya Marekani, mwezi wa Agosti 2014, katika Counter-Strike. Timu iliyoitwa iBUYPOWER ilikuwa katika timu bora za nchi ile, nayo ikashindwa na timu iliyo chini yake kwa alama 16 kwa 4, tena kwa uchezaji wa mzaha uliowashangaza watazamaji. Hapa yataka maelezo kidogo. Katika mchezo huo kuna mapambo ya bunduki, yaani rangi na nakshi ambazo mchezaji hununua, na mengine huuzwa kwa mamia ya dola. Watu walikuwa wakishartiana kwa mapambo hayo badala ya fedha, wakadhani kuwa jambo limekuwa jepesi kwa kuwa hapana noti wala sarafu. Sharia haitazami jina. Kitu chenye thamani, chenye kuuzika na kununulika, ni mali, na kukishindania ni kushindania mali. Ikabainika kuwa mtu mmoja aliweka dau kubwa juu ya timu dhaifu, akashinda, kisha mapambo yenye thamani yaliyokadiriwa kiasi cha dola 10,000 yakagawiwa kwa wachezaji walioshindwa. Mwezi wa Januari 2015 kampuni ya Valve, ambayo ni yenye mchezo, ikawazuia watu 7 wasicheze katika mashindano yake, na baada ya mwaka ikatamka kuwa zuio hilo halina mwisho. Vijana wale wakaipitisha miaka yao bora nje ya uwanja.

Mchezaji mmoja wa timu hiyo hakuzuiwa, naye ni Tyler Latham. Alikuwamo katika mchezo, akashindwa pamoja na wenziwe, lakini yalipoletwa mapambo hakuyapokea. Mwezi wa Januari 2018 alikuwa katika timu ya Cloud9 iliyotwaa ubingwa mkubwa wa Counter-Strike mjini Boston, timu ya kwanza ya Amerika ya Kaskazini kuupata. Wanafunzi wangu hupenda kuniuliza kama huyu alikuwa na dhambi ya kunyamaza. Nasema kuwa aliyejua akaweza kukataza kisha asikataze ana sehemu yake, na yaliyomo moyoni mwake hatuyajui. Ila tofauti ya mwenye kupokea na asiyepokea imeonekana hata katika hukumu za watu wa dunia.

Valve ilipotoa hukumu ile iliongeza neno ambalo lanipendeza. Iliwaambia wachezaji wote wa ujira wasiweke dau kabisa juu ya mchezo huo, wala wasisuhubiane na wenye kuweka madau makubwa, wala wasiwape khabari za ndani. Wamaliki huliita jambo kama hili saddu dh-dharai', yaani kuziba njia kabla ya mtu kuipita. Sisi Mashafi'i hatuifanyi kuwa asili katika dalili kama wao, lakini hapana mwanachuoni wetu atakayekana kuwa njia hii imezibwa mahali pake.

Kisha turudi Korea, kwani wale walioona ya mwaka 2010 hawakuonyeka. Lee Seung-hyun, aitwaye Life, alitwaa ubingwa wa StarCraft wa pili mwaka 2012 akiwa na umri wa miaka 15, na mwaka 2014 akawa bingwa wa dunia. Mwaka 2015 aliuza michezo 2 kwa won milioni 70. Mwaka 2016 mahakama ikamhukumu kifungo cha miezi 18 kilichoahirishwa kwa miaka 3, na faini ya won milioni 70, yaani kila alichopokea kikatoka. Akafungiwa mchezo maisha. Alikuwa hajatimiza miaka 20.

Na mwezi wa Oktoba mwaka ule ule 2016, KeSPA ikatangaza kuifunga ligi ya timu za StarCraft iliyodumu miaka 14. Sababu ilizozitaja ni tatu: timu na wachezaji wamepungua, wenye kudhamini ni taabu kupatikana, na uuzaji wa mchezo. Timu 5 katika 7 zikavunjwa. Haya ndiyo ambayo mwenye kuuza hayafikiri. Wako vijana ambao hawakuuza hata mchezo mmoja, na makocha, na wapishi wa zile nyumba za timu, nao waliamka siku moja hawana kazi.

Imepata kutokea pia kuwa mchezaji aliuzwa asijue. Katika Korea hiyo hiyo mtu mmoja aliunda timu, akawaambia vijana wake kuwa ni lazima washindwe na timu kubwa kwa kuwa wenye televisheni wametaka hivyo. Ulikuwa ni uwongo; yeye alikuwa akiweka dau juu ya kushindwa kwao. Mwezi wa Machi 2014 mmoja wa vijana hao aliifichua siri kwa maandishi, kisha akajaribu kujiua. Mwenyezi Mungu akamnusuru. Jina lake sikulitaja kwa kuwa yeye ndiye aliyedhulumiwa.

FEDHA HIZI ZATOKA WAPI

Sasa tumrudie mtu wetu wa barazani. Namuuliza: kushindwa kwa timu kuna bei gani sokoni? Hakuna bei. Hapana mfanyabiashara anunuaye kushindwa, kwani hakuliwi wala hakuvaliwi. Kushindwa kwapata bei siku ile tu ambapo watu wengi wameweka fedha zao juu ya kushinda. Basi dalali humwendea mchezaji na kumpa, tuseme, elfu mbili, kwa kuwa ajua atachuma elfu kumi. Na hizo elfu kumi si fedha za jini. Ni shilingi mia za huyu, na dola tano za yule, na won za mwingine, waliokaa kila mmoja mahali pake wakisema: nimeweka fedha yangu tu. Hata pale ambapo kampuni ndiyo yenye kulipa, kampuni hailipi kwa rasilimali ya mababu zake, bali yalipa kwa kile ilichokusanya kwa walioshindwa. Kwa hiyo mtu wetu ni mwenye kuibiwa, na wakati huo huo ndiye aliyeleta mafuta yaliyouwasha moto.

Na sababu ya jambo hili kushamiri katika michezo ya kompyuta ni hii. Ligi yaweza kuwa ndogo mno, wachezaji wake ni vijana walipwao kidogo au wasiolipwa kabisa, na watazamaji wake ni wachache. Lakini kwa njia ya intaneti madau juu yake hutoka pembe zote za dunia. Fedha iliyowekwa juu ya mchezo mmoja ikawa ni kubwa kuliko kipato cha mchezaji cha miezi. Mwezi wa Agosti 2019 polisi wa jimbo la Victoria, Australia, waliwakamata vijana 6 kwa shubuha ya kuuza michezo ya Counter-Strike isiyopungua 5, nayo haikuwa michezo ya mabingwa wa dunia. Mwizi haendi kwenye duka lenye taa nyingi.

Kisha yako mengine ambayo dalali hamwambii mchezaji siku ya kwanza. Aliyeuza mara moja ameitoa siri yake rehani. Mara ya pili akikataa huambiwa: basi twaitangaza ya kwanza.

HUKUMU YAKE

Kamari imeharimishwa kwa Kitabu na Sunna na ijmai. Katika Suratul Maida Mwenyezi Mungu ameitaja pamoja na ulevi na masanamu na mishale ya kupigia ramli, akaziita zote uchafu katika kazi ya Shetani, kisha akabainisha kuwa Shetani kwa hayo ataka kutia uadui na chuki baina yetu, na kutuzuia na kumkumbuka Mungu na kusali. Na katika hadithi sahihi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) amemwamrisha mtu aliyemwita mwenziwe kucheza naye kamari kuwa atoe sadaka. Amemwita tu, bado hawajacheza! Tazameni neno lenyewe limewekewa kafara, sembuse kitendo.

Kipimo cha kamari kwa wanavyuoni wetu ni kuwa kila mmoja katika wenye kushindana awe baina ya kupata na kukhasirika. Akishinda hutwaa mali ya mwenziwe, akishindwa huitoa yake. Mwenye kuweka dau kwa simu amesimama mahali hapo hapo pasi na tofauti. Wala haimfai kusema kuwa yeye hachezi. Mbaya zaidi, yule mchezaji angalau ana kazi ya mikono yake. Huyu hana hata hiyo.

Su'ali: Vijana wasema: Sisi hatubahatishi, twazisoma timu, twajua nani ana nguvu, na hii ni ilimu.

Jawabu: Ilimu haiondoi kupata na kukhasirika, kwa hiyo haiondoi hukumu. Tena ilimu gani hiyo? Agosti 2014 wenye ilimu ya Counter-Strike waliweka mali zao juu ya iBUYPOWER, kwani kila mwenye akili alijua kuwa ni bora. Aliyechuma ni yule ambaye hakusoma timu bali alisemezana na wachezaji.

Ama mchezaji mwenye kuuza, kwake yamekusanyika maovu matatu. Amewaghushi watazamaji na wapinzani, na Mtume (s.a.w.), alipotia mkono katika chungu ya nafaka sokoni vidole vikakuta umaji chini yake, alimkana mwenye kughushi kuwa si katika sisi. Mchezo uliouzwa ni chungu hiyo: juu pakavu, chini pabichi. Pili, ameifanyia khiyana timu iliyomwajiri, naye alikuwa ni mwenye kuaminiwa. Tatu, amekula rushwa. Na amelaaniwa mwenye kuitoa na mwenye kuipokea. Malipo yale hayawi mali yake hata kidogo, hata akiyaita zawadi, au msaada, au fedha ya safari.

Yabaki mas'ala ya zawadi za mashindano yenyewe, nayo ndiyo yenye fikihi nyingi. Asili yake ni hadithi aliyoipokea Abu Daud na wengineo, isemayo kwamba hapana zawadi ya kushindania ila katika mshale, au ngamia, au farasi. Madhehebu yetu yakaambatisha na hayo kila chenye kufaa katika vita. Imamu Nawawi katika Minhaj amesema kuwa haisihi kuwekeana mali juu ya mchezo wa tufe, na kuogelea, na sataranji, na mfano wa hayo. Na sataranji bila ya mali ni makuruhu kwetu; ikiwekwa mali na pande zote mbili ni kamari. Mimi naiona michezo hii ya kompyuta kuwa iko pamoja na sataranji, ijapokuwa ndani yake mna picha za bunduki; kwani kubonyeza kitufe hakumfunzi mtu kulenga. Basi mashindano ambayo kila mchezaji atoa kiingilio, kisha mshindi atwaa fedha zilizokusanywa, ni kamari wazi, hata ikiwa ni katika vibanda vya michezo vya miji yetu, ambamo vijana huwekeana shilingi na aliyeshindwa akalipa. Hili watu hulidharau, na ndipo mkono wa mtoto unapozoea.

Ama zawadi itolewayo na mtu wa nje, asiyeshindana, na wachezaji hawakutoa kitu, hiyo haiwi kamari, kwa kuwa hapana mwenye kukhasirika. Wako wanavyuoni wa zama hizi walioiruhusu kwa hoja hiyo. Aliyeshikamana na matini ya madhehebu atasema kuwa akidi yake haisihi, na akipewa kitu kwa ridhaa ya mtoaji ni hiba. Khitilafu hii siikuzi.

Lakini itazameni sharti moja waliyoiweka wanavyuoni hata katika farasi, ambapo mali imeruhusiwa. Wamesema ni lazima kila mmoja katika wenye kushindana awezekane kushinda. Na ikiwa wawili wametoa mali wote, ni lazima aingie wa tatu asiyetoa kitu, waitwaye muhallili, na farasi wake awe sawa na wao. Akiingia na farasi dhaifu ambaye yajulikana kuwa atashindwa, kuingia kwake hakuhalalishi chochote. Imamu Shafi'i na wafuasi wake waliandika haya kabla ya umeme kujulikana, na ndani yake mna hukumu ya mchezo uliouzwa: mwisho wake ukijulikana kabla ya mwanzo wake, si shindano tena.

WADANGANYAO KWA HILA

Nitalipita hili upesi. Wako wasiouza mchezo bali hutia katika kompyuta programu ya kuwalengea shabaha. Mwezi wa Oktoba 2018 mjini Shanghai mchezaji wa timu ya OptiC India alikamatwa nayo katikati ya mchezo, akajaribu kuifuta mbele ya wasimamizi. Faili yenyewe aliipa jina la kawaida, kama programu ya kuandikia barua. Timu ikavunjwa, naye akafungiwa miaka 5. Wenziwe wanne, ambao kosa halikuwa lao, walirudi kwao bila ya kazi.

Lenye mafunzo zaidi ni la makocha. Mwaka 2020 iligunduliwa kuwa katika Counter-Strike palikuwa na kasoro, ambayo kwayo kocha aliweza kubaki akitazama mahali fulani pa uwanja na kuwaona wapinzani wakipita. Kasoro hakuitengeneza yeye. Ilimfikia akiwa ameketi. Wengine waliizima mara moja, na wengine wakaitazama mchezo baada ya mchezo wakanyamaza. Tume ya uadilifu ya michezo hiyo, ESIC, iliwaadhibu makocha 37, na waliokiri wenyewe wakapunguziwa. Huyu ni kama mtu aliyeukuta mlango wa jirani umeachwa wazi. Kuacha wazi si kosa lake, lakini kuingiza macho ni kosa lake.

MWENYE KUTAKA KUTUBU

Toba ya mambo haya haitimii kwa majuto na kuacha tu, kwani ndani yake mna haki za watu. Mchezaji aliyepokea fedha ya kuuza mchezo hazimilikii. Mali ya kamari akimjua mwenyewe amrudishie. Na hapa mara nyingi wenyewe hawajulikani, kwa kuwa ni maelfu walioweka vijisenti vyao kila mmoja nchini kwake. Imamu Nawawi katika Majmu', akinakili kwa Ghazali, amebainisha kuwa mali ya haramu isiyojulikana mwenyewe hutumiwa katika maslaha ya umma, au hupewa mafakiri. Hapewi yule aliyeichuma akafanyie biashara ya halali, kama alivyoniuliza mmoja.

Mshindi aliyeshinda kwa sababu mpinzani wake aliuza mchezo, naye hakuwa na khabari, hana dhambi. Zawadi yake naionelea kuwa aijulishe kwa walioitoa pindi akijua. Wakimwachia ni yake, wakiitaka airudishe.

Ama yule wa barazani, akiwa alishinda mara fulani, ajikadirie kwa uaminifu kiasi alichotwaa zaidi ya fedha yake, akitoe chote kwa mafakiri, wala asikihesabu kuwa ni zaka. Alichokikhasiri hakifidii kwa kucheza tena, kwani wengi wamezama kwa nia hiyo hiyo ya kurudisha. Na shilingi zilizobaki katika hesabu yake ya simu, ambazo hajaziweka juu ya mchezo wowote, ni mali yake. Azitoe, kisha aifunge hesabu hiyo siku hiyo hiyo, wala asingoje mchezo wa Jumamosi.